Je, Tanzania tuko wimbi la ngapi la harakati za wanawake?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Historia na Uraia katika sekondari moja mkoani Morogoro. Nimepewa mada ya kuwasilisha kwa walimu wenzangu tarehe 8 Machi: historia ya harakati za haki za wanawake na mawimbi yake. Kitabu kimoja kinataja mawimbi matatu, kingine manne, na miaka haifanani. Mwenzangu mmoja anasema Tanzania bado tuko wimbi la kwanza, yaani tumechelewa miaka mia. Naomba nieleweshwe mawimbi yenyewe, kisha sisi tunakaa wapi.

JIBU: Mwalimu, nianze na hoja ya mwenzako, maana ndiyo inayopotosha wengi. Tanzania haiko wimbi la kwanza, wala la pili. Hesabu ya mawimbi ni hesabu ya nchi mbili, Marekani na Uingereza, na mfuatano wake kwetu ulikwenda kinyumenyume. Kule mwanamke aliyeolewa alipata kwanza haki ya kumiliki mali yake, akaisubiri kura kwa miongo kadhaa. Huku kura ilikuja mapema, pamoja na uhuru, na suala la mali bado linapelekwa mahakamani hadi leo.

Hesabu yenyewe si ya zamani kama inavyodhaniwa. Machi 1968 mwandishi Martha Weinman Lear alichapisha makala katika jarida la gazeti la New York Times akiziita harakati za wakati ule wimbi la pili. Zile za babu na bibi zikawa wimbi la kwanza kwa kurudi nyuma. Hakuna mwanamke wa 1910 aliyejijua kuwa wa wimbi la kwanza. La tatu lilitangazwa na Rebecca Walker mwaka 1992 katika jarida la Ms. La nne halina mwanzilishi wala tarehe rasmi, ila wengi huliweka karibu na 2012. Ndiyo maana vitabu vyako havikubaliani: kilichoandikwa 1998 hakiwezi kuwa na la nne, na cha Kimarekani hufunga wimbi la kwanza mwaka 1920 wakati cha Kiingereza hulifunga 1928.

Tuanze na hilo la kwanza, nalo nitakaa kidogo. Tarehe 19 na 20 Julai 1848, katika mji mdogo wa Seneca Falls, jimbo la New York, Elizabeth Cady Stanton na Lucretia Mott waliitisha mkutano. Lilisomwa tamko lililofuata muundo wa tangazo la uhuru wa Marekani, na watu 100 wakatia saini, wanawake 68 na wanaume 32. Maazimio yote yalipita kwa kauli moja isipokuwa la kura. Hata miongoni mwa waliofunga safari kuja, wapo walioona kudai kura ni kupitiliza. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani akatoroka, alisimama kulitetea, likapita kwa shida.

Kwa nini kura iliwatisha na mali haikuwatisha? Kwa sababu mali ndiyo iliyokuwa inawauma kila siku. Kwa sheria ya Kiingereza, ambayo Marekani iliirithi, mwanamke akiolewa utu wake kisheria ulimezwa na wa mumewe. Mshahara wake ni wa mume. Vyombo alivyokuja navyo ni vya mume. Hakuweza kushtaki wala kuingia mkataba kwa jina lake. Baba tajiri aliyetaka kumlinda binti yake aliiweka mali mikononi mwa wadhamini. Binti wa mfanyakazi wa kiwandani hakuwa na njia hiyo. Jimbo la New York lilianza kulegeza kamba Aprili 1848, miezi mitatu kabla ya mkutano wa Seneca Falls. Uingereza ilipitisha sheria ya 1870 iliyomwezesha mke kubaki na mshahara wake, kisha ile kubwa ya 1882 iliyomruhusu kumiliki, kununua na kuuza kana kwamba hajaolewa. Hiyo ya 1882 iwekee alama, tutakutana nayo tena Nairobi.

Walimu wenzako wa pwani hapa wataguna. Katika sheria ya Kiislamu mke hapotezi mali kwa kuolewa: mahari ni yake, na shamba alilorithi hubaki lake. Bibi mwungwana wa Unguja aliyekuwa na mikarafuu yake mwaka 1860 alikuwa na haki ambayo mke wa London hakuwa nayo. Waliompalilia mikarafuu hiyo walikuwa watumwa, wanawake wakiwemo, wasio na haki ya aina yoyote, na fungu lake la mirathi lilikuwa nusu ya la kaka yake. Lakini yeyote anayesema kwamba kumiliki mali ni zawadi iliyoletwa Afrika Mashariki na wazungu, huo ndio ukweli wa kumjibu nao.

Kura ilipatikana kwa njia mbili tofauti, na inafaa uzionyeshe zote. Njia ya kwanza ni ya New Zealand, ya saini. Mwaka 1891 zilikusanywa zipatazo 9,000, Bunge likakataa. Mwaka 1892 zikafika kama 20,000, wakakwama tena. Mwaka 1893 karibu 32,000. Kate Sheppard alizigundisha karatasi zake moja mwisho wa nyingine, akauviringisha mkanda wote kwenye kipande cha mpini wa ufagio, na mbunge John Hall akaukunjua kati ya viti vya Bunge. Tarehe 19 Septemba 1893 sheria ikasainiwa, na wanawake wa Kimaori wakahesabiwa ndani yake.

Njia ya pili ni ya Uingereza, ambako saini zilishindwa. John Stuart Mill aliwasilisha ombi la wanawake wapatao 1,500 bungeni mwaka 1866. Kwa zaidi ya miaka 40 miswada ililetwa na wabunge mmojammoja, na ugonjwa wake ulikuwa uleule: muswada wa mbunge binafsi haupewi muda bila ridhaa ya serikali, kwa hiyo unaweza kushinda kura ya hatua ya awali na bado ukafa kimyakimya. Millicent Fawcett na chama chake waliendelea na barua na mikutano. Emmeline Pankhurst alianzisha chama kingine Oktoba 1903, na hicho kikavunja vioo vya maduka na kuchoma masanduku ya posta. Waliofungwa walianza kugoma kula mwaka 1909, wakalishwa kwa nguvu kwa mrija wa mpira. Mwaka 1913 ikapitishwa sheria iliyopewa jina la Paka na Panya: mfungwa aliyedhoofika kwa njaa anaachiwa, akipata nguvu anakamatwa amalizie kifungo.

Hapa pana kosa linalorudiwa katika nusu ya vitabu vya shule, kwamba wanawake wa Uingereza walipata kura 1918. Sheria ya 1918 iliwapa waliotimiza miaka 30 na wenye sifa fulani ya makazi au mali, wao au waume zao, jumla kama milioni 8.4. Wanaume walipewa wakiwa na miaka 21. Vita vilikuwa vimeua wanaume wengi, na bila kizuizi hicho wanawake wangekuwa wengi kuliko wanaume katika daftari la wapiga kura. Wanasiasa hawakuwa tayari kwa hilo. Binti wa miaka 22 aliyekuwa akijaza baruti kiwandani wakati wa vita alisubiri atimize miaka 30, na kama hakuwa na sifa hiyo ya makazi au mali, alisubiri hadi 1928. Marekani nako, marekebisho ya Katiba ya 1920 yalisema kura isinyimwe kwa sababu ya jinsia, lakini mwanamke mweusi wa majimbo ya kusini aliendelea kuzuiwa kwa mitihani ya kusoma na kodi ya kupigia kura mpaka sheria ya 1965. Kwa hiyo kila unapotaja mwaka wa ushindi, taja na waliobaki mlangoni.

Tena hiyo tarehe 8 Machi mnayoadhimisha haikutoka kwenye mawimbi hayo. Ilitokana na wanawake wa vyama vya kisoshalisti. Clara Zetkin na wenzake walipendekeza siku ya wanawake duniani mjini Copenhagen mwaka 1910, na tarehe yenyewe ilikita mizizi baada ya wanawake wa Petrograd kugoma tarehe 8 Machi 1917, wakidai mkate, mgomo uliofungua mlango wa kuanguka kwa mfalme wa Urusi.

Wimbi la pili, miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1980, lilihama kutoka kwenye sanduku la kura kwenda kazini, chumbani na benki. Marekani iliruhusu vidonge vya uzazi wa mpango mwaka 1960, ikatunga sheria ya mishahara sawa mwaka 1963, na ni mwaka 1974 tu benki zilipokatazwa kumbagua mwombaji mkopo kwa jinsia yake au hali yake ya ndoa. Hukumu ya Roe ya Mahakama ya Juu ya Marekani, Januari 1973, iliyolinda haki ya kutoa mimba, ilikuwa ya kipindi hicho. Juni 2022 mahakama ileile ikaifuta. Marekebisho ya Katiba ya usawa wa jinsia yalipita bungeni 1972, yakahitaji kuridhiwa na majimbo 38, na muda wake ukaisha 1982 yakiwa yameridhiwa na 35.

Kama una nafasi ya mfano mmoja tu wa wimbi hili, chukua mgomo wa kiwanda cha magari cha Ford, Dagenham, mashariki ya London. Juni 1968 washonaji 187 wa vitambaa vya viti vya magari waliweka chini mashine. Kazi yao ilikuwa imepangwa daraja la wasio na ujuzi, ilhali ili kuipata walipaswa kufaulu jaribio la kushona, na walilipwa asilimia 85 ya mshahara wa mwanamume wa daraja hilohilo. Bila viti gari halitoki kiwandani, na uzalishaji ukasimama. Baada ya wiki tatu waziri Barbara Castle akasuluhisha: wakapandishwa hadi asilimia 92. Mgomo huo ulisukuma sheria ya mishahara sawa ya 1970. Lakini dai lao la awali, kutambuliwa kuwa mafundi, halikujibiwa hadi 1984, baada ya mgomo mwingine. Ukimwuliza mwanafunzi mgomo wa 1968 ulishinda au ulishindwa, utajua kama ameelewa.

La tatu na la nne hayahitaji dakika nyingi. La tatu lilizaliwa Marekani baada ya Anita Hill kutoa ushahidi mbele ya maseneta mwaka 1991 kwamba jaji mteule alimsumbua kingono kazini, na jaji akathibitishwa hata hivyo. Wazo lake kuu liliwekwa na mwanasheria Kimberlé Crenshaw mwaka 1989: mwanamke mweusi habaguliwi leo kama mweusi na kesho kama mwanamke, anabaguliwa kwa vyote viwili kwa pamoja, na sheria iliyotenganisha mashauri hayo ilimwacha bila dawa. La nne ni la simu na mitandao. Tarana Burke alianza kutumia maneno Me Too (mimi pia) kuhusu unyanyasaji wa kingono mwaka 2006, na Oktoba 2017 yakasambaa duniani kote. Watafiti wengine hawaoni tofauti ya kutosha kati ya la tatu na la nne, nami naona wana hoja.

Sasa tuje nyumbani. Kwanza, usimwingize Mekatilili wa Menza wa Wagiriama (1913) wala Mary Muthoni Nyanjiru, aliyeuawa Nairobi Machi 1922 akiwa mbele ya umati uliodai Harry Thuku aachiwe, ndani ya wimbi la kwanza eti kwa kuwa miaka inalingana. Walipigana na kodi, kazi za kulazimishwa na utawala wa kigeni. Kuwaita wapigania kura ni kuwavalisha nguo ya mtu mwingine.

Kwenye kura, mkoloni alianza na watu wake. Kenya iliwapa wanawake wa Kizungu kura mwaka 1919. Tanganyika ilipofanya uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambulika. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa wanawake wamezuiwa. Lakini hesabu wasichana waliofika darasa la nane miaka ile, kisha hesabu wanawake wenye kipato cha pauni 150. Huo ndio ubaguzi usioandikwa, na wanafunzi wako wanapaswa kuutambua wakiuona. Zanzibar ilikuwa wazi zaidi: uchaguzi wa Julai 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao, na wanawake wakapiga kura Januari 1961.

Masharti hayo yaliondolewa na vyama vya ukombozi, na vyama hivyo vilisimama juu ya migongo ya wanawake. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea TANU aliuliza wanawake wako wapi. Jibu likawa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam. Mbinu yake ni somo zima la uongozi. Hakwenda kwa watu mmojammoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na kwa wauza pombe, wanawake waliokuwa tayari na mtandao, michango na mahali pa kukutana. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo sheria ya 1958 ingewaacha nje ya kura waliyoipigania.

Na hapa umjibu mwenzako wa miaka mia. Uswisi iliwapa wanawake kura ya taifa Februari 1971, na jimbo lake moja, Appenzell Innerrhoden, liliendelea kuwanyima kura ya jimbo mpaka 1990. Mwaka huohuo wa 1971 Bunge la Tanzania lilikuwa likipitisha Sheria ya Ndoa. Tuliochelewa ni nani?

Sheria hiyo, Namba 5 ya 1971, ndiyo kiini cha mada yako upande wa Bara (Zanzibar haitumiki). Kwa wakati wake ilikuwa ya kipekee. Ilitamka kuwa mke ana haki ya kupata, kumiliki na kuuza mali sawa na mume. Kifungu cha 66 kilisema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Kifungu cha 59 kilizuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Kifungu cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjwa, ikiangalia mila za wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyokopa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hapo mahakama ielekee kwenye usawa.

Neno lililozua mgogoro ni kazi. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi? Kwa zaidi ya miaka 10 mahakimu na majaji walitofautiana. Wengine walisema huo ni wajibu tu wa mke. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango. Kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua kesi hii. Wanachosahau wengi ni mwisho wake. Mume alikuwa amempa mke fedha za kuanzishia mradi, mahakama ikaona amezitumia ovyo na mradi haukuonekana, kwa hiyo fungu lake limekwisha kuliwa. Bi Hawa alishinda hoja kwa ajili ya wanawake wote, akatoka mahakamani bila hata tofali moja.

Tangu hapo mahakama imekuwa ikirudia kuwa kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na hapo ndipo kesi nyingi huanguka. Mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ya huyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyoandikwa majina mawili huchukuliwa kuwa ya sawa kwa sawa. Mke anayesema “tulijenga wote” bila tarehe ya kununua kiwanja, bila shahidi aliyemwona akisimamia mafundi, bila kitabu cha VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) kinachoonyesha mkopo uliokwenda kwenye bati, huambulia asilimia ndogo. Kosa jingine ni la utaratibu. Talaka haifunguliwi mahakamani kabla shauri halijapita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la kidini, na Baraza likatoa hati kuwa limeshindwa kusuluhisha. Hati hiyo isizidi miezi sita. Watu huja na barua ya mwenyekiti wa mtaa au ya mjumbe, kesi inasikilizwa hadi hukumu, kisha kwenye rufaa yote inafutwa kwa sababu Baraza halikuhusika. Miaka mitatu imepotea.

Lipo pia lile la miaka miwili. Mtaani wanasema ukiishi na mwanamume miaka miwili tayari ni ndoa. Kifungu cha 160 kinasema wakiishi hivyo na jamii ikawahesabu mume na mke, itadhaniwa wameoana, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hata ikipingwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo na nafuu nyingine. Ni kinga ya kiasi, na wengi huitegemea kupita uwezo wake.

Pengo kubwa kuliko yote ni la kifo. Kifungu cha 114 kinafanya kazi ndoa inapovunjwa au wanandoa wanapotengana kwa amri ya mahakama. Mume akifa hakina nguvu. Hapo inaingia sheria ya mirathi, na kwa wanaofuata sheria ya kimila iliyoandikwa kuna tangazo la 1963. Kanuni zake zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Binti anawekwa daraja la tatu, la mwisho. Fikiria matokeo yake: mwanamke aliyeachika anaweza kuondoka na sehemu ya nyumba, na jirani yake aliyevumilia ndoa mpaka mume akafa anaweza kutolewa katika nyumba ya namna ileile. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga sheria hiyo Mahakama Kuu, wakashindwa mwaka 2006, wakafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo Machi 2015 iliona haki zao zimekiukwa. Kinga iliyo karibu zaidi ni wosia halali ulioandikwa mapema na kushuhudiwa ipasavyo. Katika mada kwa watu wazima, hilo lina faida kuliko majina yote ya viongozi wa mawimbi.

Kwenye ardhi hali ni nafuu kidogo kisheria. Mwanamke mmoja wa Muleba, Kagera, alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akadai mila ya Wahaya hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Ephrahimu dhidi ya Pastory, alisema kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanamume, na mwanaukoo anayeitaka ardhi amrudishie mnunuzi bei yake. Sheria mbili za ardhi za 1999 zikaweka jambo hilo kwenye maandishi: mila inayomnyima mwanamke ardhi kijijini ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Hatimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya wote wawili, mke na mume, na kwenye fomu ndipo mambo huharibika: mume huenda peke yake, jina la mke halitajwi, na hakuna anayeuliza.

Kenya ile sheria ya Kiingereza ya 1882 iliishi maisha marefu kuliko kwao. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kuwa inatumika Kenya, na kwa miongo minne mali za ndoa ziligawanywa kwa sheria iliyotungwa enzi za Malkia Victoria. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema mke lazima aonyeshe mchango wake katika kuipata mali, ikalitupia Bunge mpira. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ndiyo iliyoizika ile ya 1882 na kuhesabu kazi za nyumbani kuwa mchango, miaka 30 baada ya Bi Hawa. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikafafanua kuwa usawa wa wanandoa katika Katiba ya 2010 haumaanishi kugawa nusu kwa nusu moja kwa moja. Rwanda ilifuata njia nyingine kabisa: baada ya 1994 nchi ilijaa wajane na mabinti yatima walioshindwa kurithi mashamba, na sheria ya 1999 ikawapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa ya mirathi.

Kama unataka kweli kutumia mawimbi kwa Tanzania, fuata taasisi. Kuna kipindi cha chama kimoja, UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ikiwa tangu 1962 ndiyo sauti pekee inayotambuliwa. Kinafuata cha mikutano ya Umoja wa Mataifa, Mexico 1975, Nairobi 1985, Beijing 1995, huo wa mwisho ukiongozwa na Mtanzania, Gertrude Mongella, kama Katibu Mkuu wake. Humo zilizaliwa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, mwaka 1987 na TGNP, mtandao wa jinsia, mwaka 1993. Humo pia BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania, ilianzishwa na kufutiwa usajili mwaka 1997. Kisha ni cha sheria na viti: sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na viti maalumu visivyopungua asilimia 30 ya wabunge tangu 2005. Viti hivyo vimejaza ukumbi, ila mbunge asiye na jimbo hutegemea chama kumrudisha, na hapo uhuru wake wa kusema hupungua.

Kwa kipindi cha dakika 40, ningegawa ubao safu mbili, Uingereza na Tanzania, na mistari mitatu: mali ya mke, kura, umri wa ndoa. Walimu wajaze miaka wenyewe. Safu zitapishana mbele ya macho yao na huna haja ya kubishana na mtu. Kwenye umri wa ndoa uwe makini, kwa sababu watu hunukuu nusu. Soma kifungu cha 13 na cha 17 cha Sheria ya Ndoa kwa pamoja: msichana miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, mvulana 18, na mahakama ingeweza kuruhusu wakiwa na 14. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa na kuacha amri ya kurekebisha ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ulipita bila marekebisho. Kabla ya kuandika umri wowote ubaoni, tafuta Sura ya 29, ndiyo Sheria ya Ndoa, katika toleo jipya la marejeo la sheria, uone vifungu hivyo vinasomekaje siku hiyo.